Setilaiti ya Ngomeni iliyoona gesi iliyo kati ya galaksi

Historia ya galaksi huanza kusimuliwa kwenye Mlima Wilson, California. Oktoba 1923 Edwin Hubble aliipiga picha Andromeda kwa darubini yenye kioo cha upana wa inchi 100, akaona ndani yake nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Miaka kumi na moja kabla yake, Henrietta Leavitt alikuwa ameonyesha kwamba nyota ya aina hiyo hutoa siri ya umbali wake kwa anayejua kuhesabu siku za kupanda na kushuka kwake. Hubble alipata umbali wa karibu miaka ya nuru laki tisa. Leo tunajua ni milioni mbili na nusu, lakini hata kipimo chake cha kwanza kilimaliza ubishi: Andromeda haikuwa wingu dogo ndani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Ilikuwa galaksi nyingine kamili, na nje yake kulikuwa na nyingine tele.

Masimulizi hayo ni ya kweli. Ila kuna sura ya historia hii iliyoandikwa hapa kwetu, katika maji ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na naona sisi watu wa pwani hii hatujaidai vya kutosha. Mlima Wilson ulituonyesha kuwa galaksi zipo. Vyombo vilivyorushwa Ngomeni vilituonyesha kitu kinachozikuza na kinachozikatia uzazi wa nyota, nacho ni gesi.

Hadi miaka ya 1960, kusema galaksi kulikuwa ni kusema nyota. Hubble alizipanga kwa maumbo mwaka 1926: upande mmoja zile za duara na yai, laini, zisizo na alama, upande wa pili zile zenye mikono iliyojizungusha kama ilivyo Njia Nyeupe. Kwa nini ziwe na maumbo tofauti, hakuna aliyekuwa na jibu la kuridhisha. Wanafalaki wakubwa wa Marekani, Allan Sandage akiwa mbele, walizitumia galaksi kubwa kama taa za kupimia ulimwengu, wakichukulia kuwa mwangaza wake haukubadilika sana kwa mamilioni ya karne. Mwishoni mwa muongo huo mwanamke kijana aliyelelewa New Zealand na kusomea Texas, Beatrice Tinsley, alifanya hesabu ambayo iliwaudhi wengi. Nyota kubwa huzaliwa na kufa upesi, alieleza, zile ndogo hudumu. Kwa hiyo rangi na mwangaza wa galaksi lazima vibadilike kadiri umri unavyosonga, na taa ya Sandage haiwezi kuaminika. Alikuwa sahihi. Alifariki kwa saratani mwaka 1981 akiwa na miaka 40 tu, akiwa profesa Yale, na kila mtu anayechunguza umri wa galaksi leo anatembea kwenye njia aliyoifyeka yeye.

Hesabu za Tinsley ziliibua swali jingine kubwa. Kama galaksi huzeeka inapoacha kuzaa nyota, ni nini kinachoifanya iache? Nyota hutengenezwa na gesi baridi inayojikunja kwa uzito wake. Anayetaka kujua maisha ya galaksi ni lazima aifuate gesi: imetoka wapi, imekwenda wapi, nani ameichukua. Na sehemu kubwa ya gesi ya ulimwengu haionekani kwa jicho wala kwa darubini ya kioo. Ina joto la mamilioni ya nyuzi, na kitu chenye joto la namna hiyo hung'aa kwa eksirei. Angahewa ya Dunia huzizuia eksirei zote zinazotoka angani. Bila kupanda juu ya hewa, hakuna cha kuona.

Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, alianza kupanda juu ya hewa kwa roketi ndogo. Juni 1962 roketi iliyorushwa kutoka jangwa la New Mexico ilikaa nje ya hewa nzito kwa dakika chache, na katika dakika hizo ikaona chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge. Miaka iliyofuata ilikwenda hivyohivyo: roketi inapanda, inachungulia, inaanguka. Giacconi alitaka chombo cha kukaa huko juu na kupekua anga lote bila haraka. Shirika la NASA lilikubali, na usimamizi wa mradi ukapewa Marjorie Townsend, mhandisi wa kituo cha Goddard, mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti katika shirika hilo.

Hapo ndipo Ngomeni inapoingia. Waitaliano, chini ya profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa wamesimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini. Moja, San Marco, lilikuwa la kurushia roketi. La pili, Santa Rita, lilikaa mbali kidogo likiwa na mitambo ya kuongozea, na nyaya zilipita chini ya maji kuyaunganisha. Mwaka 1967 walikuwa tayari wamerusha setilaiti yao kutoka hapo. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu nzito. Ngomeni iko karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa Dunia humpa mrushaji msukumo wa bure, na mashariki yake ni bahari tupu, hivyo mabaki ya roketi hayamwangukii mtu. Kwa chombo cha eksirei kulikuwa na sababu ya ziada. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa sehemu kubwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye umeme hushuka karibu na Dunia na kuvijaza vipimo kelele. Rasi ya Florida isingeweza kutoa njia hiyo kwa roketi ndogo kama Scout.

Mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, Scout iliondoka San Marco ikiwa imebeba chombo cha kilo zipatazo 142. Kwenye karatasi kiliitwa SAS-1. Townsend alipendekeza kiitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea, na ndilo jina lililobaki katika kila kitabu cha falaki duniani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine.

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilikuwa na visanduku viwili vya gesi vilivyohesabu eksirei moja moja zilipoingia, kimoja kikitazama upande huu, kingine upande wa pili, kila kimoja kikiwa na uso wa sentimita za mraba 840. Chombo kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, na kuizunguka Dunia kila baada ya dakika 96 hivi. Kazi ikaendelea hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana nayo ina vyanzo 339 vya eksirei.

Sifa nyingi za Uhuru zilitokana na vitu vilivyomo ndani ya galaksi yetu. Vipimo vyake ndivyo vilivyowaelekeza wataalamu kwenye Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubalika kwa upana kuwa shimo jeusi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na kazi hii ilikuwa kiini chake. Lakini ukiniuliza mimi, ugunduzi mzito zaidi wa chombo hiki ni ule usiotajwa sana magazetini: nuru ya eksirei iliyotapakaa kati ya galaksi.

Galaksi hazikai peke yake. Nyingi hujikusanya, na mikusanyiko mikubwa huwa na galaksi zaidi ya elfu moja. Mmojawapo ni Coma, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 300. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi za Coma akaona zinakimbia mno. Uzito wa nyota zinazoonekana usingetosha kuzishika pamoja. Alisema kuna mata isiyoonekana, na kwa miongo kadhaa watu wachache walimsikiliza. Sasa Uhuru ikapita juu ya Coma, na hesabu zikaonyesha kwamba eksirei hazitoki kwenye galaksi moja yenye kituko chake. Ripoti ya mwaka 1971 ilionyesha zinatoka kwenye eneo pana angani kuliko uso wa Mwezi mpevu tunavyouona. Mikusanyiko ya Perseus na Mashuke nayo ikaonyesha dalili za namna hiyo. Nafasi kati ya galaksi, ambayo kila picha ilikuwa ikiionyesha tupu na nyeusi, ilikuwa iking'aa.

Kung'aa kwa sababu gani? Ubishi haukukosekana. Baadhi walisema ni elektroni za kasi kubwa zinazogongana na mnururisho wa kale uliobaki tangu Mlipuko Mkuu. Wengine walisema ni gesi ya kawaida, hidrojeni na heli, iliyopata joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi kwa kuanguka ndani ya mvutano mkubwa wa mkusanyiko. Majibu hayo mawili yalikuwa na uzito tofauti kabisa kwa historia ya galaksi, maana la pili lilimaanisha kwamba kuna bahari ya gesi ambayo galaksi zote za Coma zinaogelea ndani yake.

Wanafizikia wawili wa Marekani, James Gunn na Richard Gott, hawakungoja ubishi uishe. Mwaka 1972 waliuliza: ikiwa ni gesi kweli, itaifanya nini galaksi inayopita ndani yake kwa kasi ya kilomita elfu moja na zaidi kwa sekunde? Jibu lao ni kwamba gesi ya mkusanyiko itaipiga galaksi usoni kama upepo mkali na kuipokonya gesi yake baridi, huku nyota zikiachwa mahali pake kwa kuwa ni nzito na ndogo mno kusukumwa. Galaksi inayoingia ikiwa na mikono na nyota changa za buluu itabaki na sahani ya nyota zinazozeeka. Ghafla, jambo lililokuwa limeonekana kwa miongo likapata sababu: katikati ya mikusanyiko mikubwa galaksi zenye mikono ni nadra, na zile laini zisizozaa zimejaa. Leo darubini zinaziona galaksi zikiwa katikati ya kupokonywa, zikiburuta nyuma yake mikia ya gesi, na wataalamu wameziita konyeza, kwa jinsi zinavyofanana na mnyama yule anayewachoma wavuvi wetu.

Ushahidi wa kumaliza ubishi ulitoka tena Ngomeni. Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka San Marco. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha maabara ya Mullard ya University College London kilichoweza kutenganisha eksirei kwa nguvu zake, jambo ambalo Uhuru haikuweza kulifanya vizuri. Walipoelekeza kifaa hicho kwenye mkusanyiko wa Perseus, walikuta ongezeko la eksirei mahali pale hasa ambapo atomu za chuma, zikiwa zimevuliwa karibu elektroni zake zote, hutoa nuru yake. Taarifa ilichapishwa mwaka 1976. Elektroni zinazogonga mnururisho wa kale haziwezi kuacha alama ya chuma. Gesi ya moto inaweza.

Naomba msomaji akae na chuma hiki kidogo. Mlipuko Mkuu ulitengeneza hidrojeni, heli na chembechembe za lithi, basi. Chuma chote kilichoko ulimwenguni, pamoja na kile kilichomo katika damu yako na katika jembe lililoegemea ukutani, kilipikwa ndani ya nyota na kutawanywa zilipolipuka. Margaret Burbidge na wenzake watatu waliyaeleza hayo mwaka 1957. Sasa chuma hicho kimeonekana nje ya galaksi, kimeenea katika gesi iliyo kati yake, kwa kiwango ambacho vipimo vilivyofuata vimekiweka kwenye takriban theluthi moja ya kile cha Jua. Kilifikaje huko? Ni lazima galaksi zilikitema. Nyota zililipuka kwa wingi zamani, zikasukuma gesi nje ya galaksi zake, na gesi ile ikachanganyika na ile iliyokuwa haijawahi kuingia kwenye nyota yoyote. Kwa hiyo galaksi si mfuko uliofungwa. Huvuta gesi kutoka nje, huigeuza kuwa nyota, na hutoa nje sehemu yake ikiwa na kemikali mpya. Hakuna nadharia ya leo ya kukua kwa galaksi inayoweza kusimama bila ubadilishanaji huu, na alama yake ya kwanza iliyo wazi ilionekana na chombo kilichoondokea kwenye bahari wanakovua watu wa Ngomeni.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Vera Rubin na Kent Ford walikuwa wamekwisha kuonyesha, kuanzia mwaka 1970 kwa Andromeda, kwamba kingo za galaksi huzunguka kwa kasi isiyopungua kama ilivyotarajiwa, dalili ya mata isiyoonekana ileile ya Zwicky. Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees waliziunganisha habari hizi mbili, ya mata isiyoonekana na ya gesi, kuwa masimulizi mamoja. Mata isiyoonekana hujikusanya kwanza kuwa marundo, madogo kwanza, kisha hugongana na kuungana kuwa makubwa. Gesi huanguka ndani ya marundo hayo na kupata joto. Inapoweza kupoa hushuka katikati na kuzaa nyota, na hapo galaksi huanza. Isipoweza kupoa hubaki juu, ya moto, isiyozaa, kama tunavyoiona Coma. Ukubwa wa galaksi unaamuliwa, kwa sehemu kubwa, na mashindano kati ya kuanguka na kupoa.

Gesi ya Coma ilikuwa na habari nyingine. Ilipopimwa vizuri iligundulika kuwa na uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi za mkusanyiko huo zikijumlishwa. Mwaka 1993 White na wenzake walichukua uzito huo, wakaulinganisha na kiasi cha mata ya kawaida kilichotengenezwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu, wakakuta hesabu haikubali. Ili ikubali, mata yote ya ulimwengu ilipaswa kuwa kidogo sana kuliko walivyoamini wananadharia wengi wakati ule. Miaka mitano baadaye vipimo vya nyota zinazolipuka vilionyesha kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na hesabu ya Coma ikapata mwenzake.

Lakini gesi ya moto ilileta fumbo lililowasumbua watu kwa muda mrefu. Katikati ya mikusanyiko kama Perseus gesi ni nzito, na kitu kizito kinachong'aa hupoteza joto lake haraka. Kwa hesabu, gesi hiyo ingepaswa kupoa na kumiminika juu ya galaksi kubwa ya katikati, na kuzaa nyota zenye uzito wa mamia ya Jua kila mwaka. Galaksi hizo hazizai hivyo. Mwaka 2001 darubini ya Ulaya ya XMM-Newton ilitafuta gesi inayopoa, ikapata kidogo sana kuliko ilivyotarajiwa. Kitu fulani kilikuwa kikiipasha moto. Picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa mwaka 1999 na ambayo Giacconi alikuwa miongoni mwa walioipigania, zilionyesha mtuhumiwa: katika gesi ya Perseus kuna mapovu makubwa, na kuzunguka mapovu hayo kuna mawimbi, yote yakisukumwa na shimo jeusi lililo katikati ya galaksi kubwa. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalitia joto la mashimo meusi katika hesabu za kompyuta za ulimwengu mzima. Kabla ya hapo kompyuta zilikuwa zikitengeneza galaksi kubwa mno, za buluu mno. Baada ya hapo zikatoa galaksi kubwa zilizo nyekundu na zilizotulia, kama zilivyo angani.

Njia Nyeupe yetu haimo katika mkusanyiko mkubwa, kwa hiyo imebaki na gesi yake nyingi. Bado inazaa nyota, kiasi cha uzito wa Jua moja au mawili kwa mwaka. Ulimwengu kwa ujumla umekwisha kupita kilele chake: kipindi cha kuzaliwa nyota nyingi zaidi kilikuwa miaka bilioni kumi hivi iliyopita, na tangu hapo kasi imekuwa ikishuka. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi zilizokuwapo ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka pungufu ya milioni 300, zikiwa zimeng'aa kuliko wengi walivyotarajia, na wananadharia wanarudi kuzihesabu upya nguvu za milipuko ya nyota na za mashimo meusi katika utoto huo wa galaksi.

Na San Marco? Setilaiti tisa zilirushwa kutoka pale kati ya 1967 na 1988, na nne kati ya hizo, Uhuru, SAS-2, Ariel V na SAS-3, zilichunguza anga kwa eksirei na miale ya gama. Roketi hazirushwi tena. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio, kinaendelea kupokea habari za setilaiti, zikiwemo za NuSTAR na Swift, ambazo nazo huchunguza eksirei. Natamani mtoto anayesoma fizikia Malindi, Kilifi au Mombasa akutane na Ariel V katika kitabu chake kabla hajakutana na roketi za nchi za mbali, kwa sababu hii ni sayansi iliyofanyika mbele ya macho ya babu zake.

Orodha ya vyanzo 339 ya Uhuru sasa ina mjukuu: orodha ya darubini eROSITA iliyotolewa Januari 2024, yenye vyanzo zaidi ya laki tisa katika nusu moja tu ya anga. Chuma cha Perseus nacho kimepata wapimaji wapya. Februari 2016 Wajapani walirusha Hitomi, chombo kilichoweza kupima nuru ya chuma kwa umakini usiowahi kupatikana, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuitazama Perseus. Iligundua kwamba gesi ile, licha ya mapovu na mawimbi yote, inavurugika kwa kasi ya kilomita 164 tu kwa sekunde. Mwezi mmoja na kitu baada ya kurushwa, Hitomi ilipoteza mwelekeo angani na kuvunjika. Mrithi wake, XRISM, alirushwa Septemba 2023 na anaendelea na kazi palepale. Swali analolifuatilia ni kama mtikiso mpole kiasi hicho unatosha kuizuia gesi isipoe kwa mabilioni ya miaka, au kuna njia nyingine ya kuipasha moto ambayo bado haijaonekana.